Umefaulu usaili, vyeti vimeshiba, kazi kapewa mwingine: njooni tuongee kuhusu tabia

Karani Gerezani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Niko upande wa kuajiri, kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar. Jina mniwie radhi. Tunachukua makeshia, watunza stoo, madereva, matingo na vijana wa mauzo wanaotoka na gari asubuhi na kurudi jioni na hela. Si ofisi ya viyoyozi. Naandika kwa sababu kijana akikosa kazi anaondoka na jibu moja tu: "pale ni koneksheni". Koneksheni zipo, sibishi, na zinaudhi. Ila kuna kinachowakata watu wengi zaidi na hakuna anayewaambia, kwa sababu hakuna barua inayoandikwa "tabia yako imetutia shaka". Unaambiwa ushindani ulikuwa mkubwa, au huambiwi lolote.

Nikisema tabia simaanishi upole. Wala kuswali, wala kwenda jumuiya, wala kutogusa bia. Wapole wanaoiba nimewaona, na mlevi wa Jumamosi ambaye Jumatatu hesabu yake haikosi hata mia pia nimemwona. Anayeajiri mtu wa kushika mali anatafuta kujua jambo moja: huyu akiwa peke yake atafanya nini, na likiharibika atasema au ataficha? Mengine ni mapambo ya CV.

Niwaoneshe hasara inavyoingia, maana wengi wanadhani wizi kazini ni mtu kubeba katoni mgongoni usiku.

Kijana wa mauzo anatoka na gari, anawaachia wenye maduka mzigo kwa mali kauli, wiki ijayo anapita kukusanya. Leo mwenye duka wa Mbagala kalipa laki na themanini. Kijana kabanwa, labda kodi, labda mkeka umechanika, anaichukua. Kitabuni Mbagala bado anadaiwa. Kesho anakusanya kwa mtu wa Chamazi, anaiandika kuwa ni ya Mbagala. Keshokutwa hela ya Kongowe inaziba ya Chamazi. Kila jioni hesabu inafunga, mhasibu anachoona ni madeni yanayochelewa siku mbili tatu, jambo la kawaida kabisa mtaani. Shimo linapanuka hivyohivyo hadi siku kijana akishikwa na malaria, njia yake akapangiwa mwingine. Yule mgeni anafika dukani kudai, mwenye duka anavuta droo, anatoa risiti iliyokunjwa mara nne: "Mbona mwenzio nilishampa?" Ukianza kupita duka kwa duka, zimeshafika milioni kadhaa.

Huyu kijana hakuwa mzembe. Njia anaijua kama kiganja chake, wateja wanampenda, tageti ya mwezi anaivuka. Ujuzi huohuo ndio uliomwezesha kuficha muda mrefu. Na likizo hachukui, kila mwaka anasema "nitachukua baadaye bosi", tunamsifu kwamba anajituma! Mabenki hayawalazimishi watu wao kwenda likizo kwa huruma tu.

Sasa linganisha. Mtu asiyejua mashine ya EFD, asubuhi unamwelekeza, mchana anatoa risiti. Asiyejua kupanga stoo ili mzigo wa zamani utoke kwanza, anafundishwa na atazoea. Yule kijana wa hela ya Mbagala utamfundisha nini?

Tena kumtoa si suala la kumwambia kesho usije. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, inasema masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Akivuka hapo, kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki: barua ya tuhuma, muda wa kujiandaa, kikao cha nidhamu, kujitetea, rufaa. Ruka hatua moja, mtu ana siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anaweza kushinda hata kama kweli alichukua hela. Sheria hiyo siilaumu, imewaokoa wengi walioonewa. Nawaeleza tu kwa nini HR makini anahangaika na tabia yako kabla hujaingia, na kwa nini ile miezi ya majaribio anakuangalia kuliko unavyojua.

Kuna andiko la 2015 kutoka Harvard Business School, la Michael Housman na Dylan Minor. Walichambua taarifa za wafanyakazi zaidi ya 50,000 wa kampuni 11, wakiwatazama wale walioishia kufukuzwa kwa mambo kama wizi, kughushi na unyanyasaji. Walikadiria kwamba kumkwepa mtu wa namna hiyo kunaiokolea kampuni kama dola 12,500, wakati kumpata hodari wa asilimia 1 ya juu kunaiingizia kama dola 5,300. Ni Marekani, najua, ila mengine mawili waliyoyakuta yamenikaa zaidi kuliko hizo dola. Wale waharibifu kwa wastani walikuwa na kasi ya kazi kuliko wenzao. Na wale waliojibu kwenye dodoso kwamba kanuni lazima zifuatwe siku zote ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufukuzwa kwa kuvunja kanuni.

Kwa hiyo ukikaa mbele yangu ukasema "mimi ni mwaminifu, mchapakazi, nafanya kazi chini ya shinikizo", hujaniambia kitu. Kila mtu anasema hivyo, mpaka yule wa Mbagala alisema.

Ninachouliza ni hiki. "Jioni unafunga hesabu, hela imepungua elfu kumi na mbili. Unafanyaje?" Wengi, tena kwa tabasamu, wanajibu: "Nitaweka ya kwangu mfukoni, bosi." Wanaona wamejibu kishujaa. Mimi hapo naandika alama ya kuuliza. Anayeziba shoti ya elfu kumi na mbili kimya kimya, akizidiwa na ya laki tatu ataziba na nini? Ataziba na ya kesho. Na kama shoti imetokana na mashine, au bei iliyoingizwa vibaya, au mwenzake aliyeshika droo wakati yeye kaenda kula, sitajua kamwe, kwa sababu amefunika. Jibu linalonituliza halina ushujaa wowote: nahesabu upya, nalinganisha na risiti, nikikosa naandika na kumwambia msimamizi usiku huohuo.

Kwa wadhamini uliowaandika, kwenye fomu yetu kuna sehemu unasaini kuruhusu tuulize ulikotoka. Hiyo ni lazima, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika. Nikipiga, meneja atanisomea sifa. Napenda nimpate mtu wa stoo. Simuulizi "ni mwaminifu?", namuuliza "siku ya kuhesabu mali alikuwaje?" Kuna watu kila mwisho wa mwezi wakisikia kuhesabu mali wanaumwa tumbo. Kuna wengine wanakuja mapema na kalamu yao.

Zile hadithi za mtandaoni za bosi aliyeangusha karatasi sakafuni aone nani ataiokota, sisi hatuna muda wa maigizo hayo.

Nawasilisha.

---

Binti Makorora

Kaka Karani, umeandika vizuri lakini umeirahisisha. Hilo neno tabia ndilo kichaka cha kila aina ya ubaguzi. Mimi nilifika hatua ya mwisho kwenye kampuni moja ya huduma za fedha, jopo la watu watatu. Swali la kwanza: umeolewa? La pili: una mtoto mdogo? La tatu, na huyu alikuwa mama mtu mzima kabisa: "Mumeo anakuruhusu kurudi usiku?" Nikauliza kwa adabu yanahusianaje na ukeshia. Nikaambiwa wanapima "utulivu wa tabia". Kazi sikupata. Wenzangu wameulizwa kabila kwa njia ya mzunguko, "kwenu ni wapi hasa, hapana, hasa hasa".

Ukimpa HR ruhusa ya kupima tabia bila kipimo, anapima anachokipenda.

---

Karani Gerezani

Dada, hapo uko sahihi na wala sitawatetea. Kifungu cha 7 cha ileile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi, na usaili umo. Kabila na mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ulemavu, vyote vimetajwa. Mtoto mdogo si tabia. Waliokuuliza walikuwa wanapima hofu zao.

Ila ninyi mnaokataa tabia isipimwe mjue itapimwa tu, kwa macho, dakika ya kwanza ukivuta kiti. Bora ipimwe kwa swali lilelile kwa kila mtu, na majibu yaandikwe. Mimi swali la shoti naliuliza kwa wote, mwanamume, mwanamke, mtoto wa tajiri, na kila mjumbe wa jopo anaandika alama yake kabla hatujafungua mdomo. Watafiti Schmidt na Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 mwaka 1998, wakakuta usaili wa maswali yaliyopangwa unabashiri utendaji kuliko ule wa kupiga soga. Idadi ya miaka ya uzoefu, ambayo ndiyo matangazo yetu yanaishupalia, ilikuwa chini sana ya hapo.

---

Mhitimu wa Kibondo

Mkuu hujagusa fomu ya wadhamini. Nimeomba ukeshia sehemu mbili, zote wanataka wadhamini wawili wenye nyumba Dar, barua ya serikali ya mtaa, na mmoja awe mtumishi wa umma. Mimi natokea Kigoma. Dar namjua mama mwenye nyumba, na hata yeye nadaiwa kodi ya mwezi mmoja. Wanapima tabia yangu au wanampima mjomba wangu ambaye sina?

---

Mzee Nondo

Kijana kapiga penyewe. Mimi nimestaafu, nimetunza stoo tangu enzi za mashirika ya umma, kabla ya kompyuta, tukiandika kwenye kadi za rangi. Nikuulize Karani, maana naona mnapenda kuwapima vijana. Ninyi nani anawapima? Keshia mnamlipa mshahara ambao nauli na chakula cha mchana vinaumaliza kabla ya tarehe 20, halafu kwa siku anashika milioni tano. Saa ya ziada hamlipi. Shoti ikitokea mnamkata bila kumsikiliza. Halafu mnakaa kwenye jopo mnatafuta uaminifu. Uaminifu wa bei hiyo sokoni haupo.

---

Karani Gerezani

Shikamoo mzee. Kuhusu kukata shoti bila kumsikiliza mtu, nakubali kabisa, na ndiyo inayowafundisha makeshia kuficha. Ukimwadhibu aliyesema sawasawa na aliyeficha, kesho wote wataficha.

Kuhusu mshahara tunapishana kidogo. Hela ndogo inaeleza elfu mbili mbili na soda iliyonywewa stoo. Lakini mashimo makubwa niliyoyaona hayakuchimbwa na wenye njaa. Yalichimbwa na wenye magari, wanaosaini, wanaoaminiwa hata kuangaliwa hawaangaliwi. Mnakumbuka Aprili 2017 pale Dodoma, ripoti ya uhakiki iliposomwa: watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi. Wale hawakuwa vibarua wa siku.

Mdogo wangu wa Kibondo, fomu ile siipendi na nimeshasema hivyo kikaoni. Inampima mtu kwa mali za ndugu zake. Mwajiri anayeogopa kupoteza hela anaweza kukata bima ya wizi wa wafanyakazi, kampuni za bima zinaiuza, basi aache kumtafutia kijana mjomba. Mpaka wabadilike, jaribu kuwauliza kama watapokea mwalimu wako wa chuo, au msimamizi wa ulikofanyia mafunzo kwa vitendo. Wengine wanakubali ukiuliza, fomu imeandikwa tu na mtu aliyenakili kwa mwenzake. Na hiyo kodi ya mama mwenye nyumba ilipe kwanza, maana barua ya mtaa inapita kwa watu wanaojuana naye.

---

Mzee Nondo

Marahaba. Hao wa vyeti wengine walikuwa kazini miaka na miaka, wagonjwa wanahudumiwa, mafaili yanatembea. Ndiyo maana mwaka 2022 serikali ikakubali warudishiwe michango ya hifadhi ya jamii waliyokuwa wanakatwa. Sasa niambie, tabia yao mbaya iliharibu kazi gani?

---

Karani Gerezani

Mzee, kughushi cheti ni kumnyima nafasi mwenye cheti halali aliyebaki mtaani, hiyo ya kwanza. Ya pili, mtu anayeishi na siri hiyo kazini anashikika. Mwenzake akijua, akimwambia "nisainie hapa", atakataa na nini?

---

Mwana Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu ukiomba kazi waambiwa lete Cheti cha Tabia Njema cha DCI, polisi wa upelelezi. Waingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, walipa, waenda kupigwa alama za vidole, wangoja. Mtoto hajaanza kazi ashatoa pesa ya kuthibitisha kuwa si mwizi. Na kazi nyengine wataka pia karatasi za KRA (kodi), EACC (kupambana na rushwa), HELB (mikopo ya wanafunzi) na CRB (rekodi za mikopo). Kijana ana deni la HELB kwa sababu hana kazi, na kazi hapati mpaka aonyeshe mambo ya HELB yamekaa sawa.

Na hicho cheti chenyewe chasema tu kuwa polisi hawana rekodi nawe. Yule kijana wenu wa Mbagala angekipata asubuhi na mapema.

---

Karani Gerezani

Kabisa ndugu yangu. Angekipata, na angekileta ndani ya bahasha ya plastiki.

---

Utingo Msomi

Niulize upande mwingine. Mitandao. Nasikia HR wanapekua kurasa za watu. Mimi nabishana mpira usiku kucha na matusi yanatoka. Ni tabia hiyo?

---

Karani Gerezani

Kwa kazi ya utingo, sina haja na ubishi wako wa Simba na Yanga. Kwa kazi ya kupokea simu za wateja, kidogo ningeangalia. Kinachokata mtu mtandaoni kwa kawaida si matusi ya mpira. Ni kuanika mambo ya ofisi uliyotoka: picha ya stoo ya watu, orodha ya bei, kumsema msimamizi kwa jina. Anayeajiri anajua zamu ijayo ni yake.

---

Kijana wa Shoti

Wakuu mimi ndiye mnayemsema. Nilikuwa keshia wa sheli, njia ya Morogoro. Shoti ya laki mbili na kitu, zamu tulikuwa wawili tunatumia droo moja. Wote tukaondolewa. Kesi haikwenda polisi, sikulipwa, CMA sikwenda kwa sababu sikujua zile siku 30. Sasa kila usaili wanauliza kwa nini uliacha kazi. Nikisema ukweli naona wanaangaliana. Nikisema mkataba uliisha nasikia kama nadanganya. Kaka Karani, wewe ukiwa upande ule ungetaka kusikia nini?

---

Binti Makorora

Pole mdogo wangu. Droo moja watu wawili, hapo aliyepaswa kuondolewa ni aliyepanga zamu.

---

Karani Gerezani

Pole sana kijana. Usiseme mkataba uliisha. Tarehe zako zitalinganishwa na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa kukupa unapoondoka, na simu moja tu inatosha kukuvua nguo. Wakikuta umedanganya hapo, hawatauliza tena kuhusu shoti, wamepata jibu lao.

Sema kwa kifupi, usilie wala usimtukane mwajiri. Mfano: "Niliondolewa baada ya shoti ya laki mbili na kitu. Zamu ilikuwa na watu wawili na droo moja, haikujulikana ni nani, tukaondolewa wote. Tangu hapo sishiki droo ya pamoja bila kusaini makabidhiano." Halafu nyamaza. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ningeisikiliza mimi, kwa sababu mtu aliyeiba hafikirii makabidhiano. Kuna watakaokukata hata hivyo, sikufichi, hasa mabenki. Omba na kazi zisizoanza na hela taslimu, stoo kwa mfano. Huko kila kinachoingia na kutoka kina karatasi, na baada ya mwaka unakuwa na msimamizi mpya wa kukusemea.

---

Kijana wa Shoti

Ahsante kaka. Na kwenye wadhamini niweke nani? Meneja wa sheli hanipokelei simu.

---

Karani Gerezani

Huyo mwache. Kuna aliyekuwa anapokea hesabu yako kila asubuhi, mhasibu au msimamizi wa zamu. Kama miezi yako mingine ilifunga vizuri, yeye ndiye anajua. Mpigie kwanza umwombe, usimshtukize, na hakikisha namba unayoandika inapatikana. Watu wanaandika namba iliyofungiwa, halafu wanashangaa.